Kufungisha ndoa ya bomani: mwongozo kwa afisa mpya wa Moshi na Arusha

Mwezi wa kwanza baada ya kustaafu kazi ya usajili wa ndoa nilipigiwa simu na kijana mmoja mshereheshaji wa hapa Moshi. "Shikamoo mama. Nataka nianze kufungisha ndoa za serikali. Leseni nalipia wapi?" Sauti anayo, kipaza sauti anacho, suti anazo tatu. Nikaitikia marahaba, halafu ikabidi nimkatishe tamaa: hapa kwetu ndoa ya serikali haifungishwi na mwenye sauti, inafungishwa na mwenye daftari.

Kumbe alikuwa amesoma habari za Australia. Kule, tangu 1973, Mwanasheria Mkuu Lionel Murphy alipofungua mlango, raia wa kawaida asiye padri wala karani anaweza kuteuliwa kufungisha ndoa na kulipwa kwa kila ndoa. Tanzania haiendi hivyo. Lakini maswali ya yule kijana yalinikumbusha maafisa wapya niliowaachia kiti. Walikabidhiwa muhuri Ijumaa, na Jumatatu bibi harusi amesimama mlangoni. Mwongozo huu ni wao, ingawa hata wachumba wakiusoma hawatapoteza kitu.

Kwanza, hakikisha una mamlaka

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ifungwe kiserikali, kidini au kimila. Ya kiserikali hufungwa mbele ya msajili, ama RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, ama ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ofisi hizo ndizo tunazoziita boma tangu enzi za Wajerumani, na ndiyo maana watu husema "wameoana bomani" hata kama jengo lenyewe ni jipya na lina vioo. Mchungaji, padri au shehe yeye hupewa leseni ya kufungisha kwa taratibu za dini yake.

Kwa hiyo, kama wewe ni mtumishi wa umma uliyepangiwa usajili, dai barua yako ya uteuzi na uisome kabla hujashika kalamu. "Kaimu tu leo, bosi yuko Dodoma" si uteuzi. Kufungisha ndoa bila mamlaka ni kosa, na ndoa yenyewe inaweza kuhesabiwa batili, isipokuwa pale ambapo angalau mmoja wa wanandoa aliamini kwa dhati kwamba aliye mbele yake anastahili. Usiwaachie watu ndoa inayoning'inia kwenye neno "aliamini". Na kama wewe ni mshereheshaji kama yule kijana wangu, kazi yako inaanzia ukumbini, ndafu inapoingia na matarumbeta. Huko hatukuingilii.

Siku wanapoleta taarifa

Wengi hudhani kazi yetu ni ile robo saa ya siku ya harusi. Siku ya harusi unavuna tu. Kilimo kinafanyika siku wachumba wanapokuja kutoa taarifa ya kusudio la kuoana. Hapo usiwe na haraka hata kama foleni imefika kwenye mti wa mlinzi.

Mapokezi yana adabu yake. Ukanda huu wachumba hawaji wawili. Watakuja na shangazi, mshenga, kaka mkubwa kutoka Rombo, na mzee mmoja ambaye hakuna anayejua ni wa upande gani. Amkia wazee, wape viti, waulize habari za nyumbani. Kisha waombe kwa heshima wakae nje, uzungumze na wachumba wenyewe. Wakishatoka, zungumza na kila mchumba peke yake. Hiyo sikuambiwa na mtu, ilinifundisha siku moja.

Alikuja binti amekaa katikati ya shangazi wawili. Kila nikimuuliza swali, shangazi wa kulia anajibu. "Umekubali mwenyewe?" "Amekubali, mama, mahari imeshatoka yote." Binti anaangalia kamba za viatu vyangu. Nikasema nahitaji nakala mbili za cheti cha kuzaliwa, mashine yetu mbovu, je, shangazi wanaweza kwenda kutoa pale ng'ambo ya barabara? Mashine ilikuwa nzima. Mlango ulipofungwa binti akasema maneno manne: "Mama, mimi huyu simtaki." Nilifunga faili. Shangazi waliporudi niliwaambia karatasi zina kasoro, ambalo kwa namna yake lilikuwa kweli.

Sheria iko wazi: ridhaa iwe ya hiari. Haihesabiki kuwa ya hiari ikiwa mtu ameshurutishwa au amedanganywa, ikiwa hakuelewa kinachofanyika ni nini, au ikiwa alikuwa na maradhi ya akili au amelewa kiasi cha kutotambua uzito wa jambo. Mahari iliyolipwa hainunui ridhaa. Hata ng'ombe kumi hawalijibu swali lako kwa niaba ya binti.

Nyaraka za kuangalia ni hizi: kitambulisho cha Taifa au pasipoti, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Ziangalie zikiwa halisi mkononi, usizisome kwenye simu ya mtu.

Umri nao usiumumunye. Kifungu cha 13 cha sheria ile ya 1971 kiliandikwa kikimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya serikali. Akija mzazi na sheria ya zamani mkononi, akakuambia ameridhia binti yake wa miaka 16 aolewe, mrudishe nyumbani kwa upole, lakini umrudishe. Kwenye meza yako umri unaanzia 18 kwa wote wawili.

Halafu uliza ndoa zilizopita, na hapa ndipo afisa mpya anapoteleza. Mtu atakuambia "tuliachana" na kukuletea barua ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Ina muhuri, ina sahihi za wajumbe, inasema usuluhishi umeshindikana. Hiyo si talaka. Ni tiketi ya kwenda mahakamani kuomba talaka. Wapo waliokaa nayo kabatini miaka minane wakiamini wako huru, na wakaanza maisha mengine. Unachotaka kuona ni amri ya mahakama. Kwa mjane au mgane, unataka cheti cha kifo. Na ukimpokea mjane anayeletwa na shemeji yake mwenye tabasamu pana, kumbuka sheria hiyo hiyo inamwacha mjane huru kukaa anapotaka na kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa. Mwombe huyo shemeji naye akatoe nakala.

Swali la mwisho siku hiyo wengi hulikwepa kwa aibu: ndoa hii ni ya mke mmoja au ya wake wengi? Ya bomani huchukuliwa kuwa ya mke mmoja, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Waulize wote wawili wakiwa pamoja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza anwani. Nimeona mwanaume akikohoa dakika nzima. Nimeona pia mchumba wa kike akimgeukia mwenzake, "Kumbe hili tulikuwa hatujaongea?" Heri waliongelee kwenye benchi la ofisini kuliko mbele ya hakimu baada ya miaka kumi. Anayeoa mke wa pili kihalali naye ataje mke aliye naye. Mke huyo ana haki ya kuweka pingamizi, kwa mfano akionyesha kwamba kipato cha mume hakitoshi na yeye na watoto watataabika.

Siku ishirini na moja

Taarifa itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, halafu tangazo libandikwe mahali watu wanapoweza kulisoma. Msibandike nyuma ya mlango unaokaa wazi siku nzima. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na aliyelibandika hivyo alifikiri ametimiza wajibu.

Hesabu ni rahisi, ila Desemba inaivuruga. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi na kila ukoo unataka harusi. Mtu anashuka na basi kutoka Dar tarehe 14, ukumbi ameshaulipia, kamati imeshachangisha, na anataka ndoa tarehe 27. Kwa ndoa ya tarehe 27 Desemba, taarifa ilitakiwa ifike mezani kwako tarehe 6 au kabla. Tarehe 9 ni sikukuu ya Uhuru, ya 25 na 26 nazo hakuna ofisi. Ukiwa na ndugu kwenye kamati za harusi, wasambazie hesabu hii kuanzia Oktoba.

Kuna mlango wa dharura: Msajili Mkuu anaweza kutoa leseni ya kuondoa sharti la taarifa kukiwa na sababu nzito. Mlango huo ni wake, wewe huna ufunguo. Na "ukumbi umeshalipiwa" mimi sijawahi kuiita sababu nzito, hata alipoileta mtu mwenye gari la namba za serikali.

Mtu akipinga

Pingamizi likija, pokea kwa maandishi, andika tarehe na saa, na simamisha shughuli. Usiamue wewe. Pingamizi huamuliwa na mahakama. Kazi yako ni kulifikisha huko na kuwaambia wachumba ukweli bila kutaja ya pembeni.

Kwa uzoefu wangu mapingamizi ya huku ni ya aina mbili. Ya kwanza ni mke wa zamani anayetokea na watoto wawili na cheti cha ndoa ndani ya mfuko wa nailoni. Hilo ni zito, lishughulikie siku hiyo hiyo. La pili ni la ukoo. Wachumba wote wawili ni kina Massawe, na mjomba kutoka Kibosho anasema mila hairuhusu. Msikilize, ana haki ya kusema. Lakini sheria ina orodha yake ya jamaa wasiooana: wazazi na watoto, mababu na wajukuu, kaka na dada, shangazi, wajomba, wapwa, na baadhi ya wakwe. Kufanana jina la ukoo hakumo. Wajomba wengi hulainika wakipewa kiti na muda wa kuongea. Mmoja aliyekuja na isale mkononi, lile jani la Wachaga la amani na msamaha, aliondoka amempa bwana harusi lile isale na mkono wa heri.

Siku yenyewe

Waambie wafike nusu saa kabla. Watachelewa, hivyo wewe panga kana kwamba hukuwaambia.

Kabla ya kuanza, wapitie wachumba na mashahidi kwa macho na pua. Mashahidi wasipungue wawili, wawe na miaka 18 au zaidi, wenye akili timamu, na waelewe lugha inayotumika, la sivyo wapate wa kuwatafsiria. Hili la lugha lichukulie kwa uzito Arusha, ambako bibi wa Kimaasai kutoka Longido anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko wote lakini Kiswahili chako cha ofisini kikampita juu. Wachumba nao wawepo wote wawili kwa miili yao. Bwana harusi aliyekwama Nairobi hafungi ndoa kwa video, hata kama mtandao wake hauna shida.

Niliwahi kumpokea bwana harusi saa tatu asubuhi akiwa ameshapitia mahali kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Alikuwa mchangamfu, anamwita kila mtu mkwe. Nikamwambia mshenga, "Mpelekeni akanywe chai na supu, rudini saa nane." Familia ilikasirika, mpiga picha alikuwa analipwa kwa saa. Saa nane alirudi amenyooka, akanishika mkono akasema, "Samahani mama, nilikuwa naogopa." Ndoa ikafungwa na ipo mpaka leo, kwa ninavyojua.

Shughuli yenyewe ni fupi. Sema wewe ni nani na una mamlaka gani. Taja majina kamili ya wachumba. Waeleze kwamba wanachofanya ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote, kama sheria inavyoutafsiri, na kwamba ni wa mke mmoja, au vinginevyo kama walivyotamka. Uliza kama kuna anayejua kizuizi. Hapo nyamaza kweli, hesabu moyoni mpaka saba. Afisa mwenye haraka huuliza na kugeuza ukurasa kwa pumzi hiyo hiyo, na watu wanaliona hilo.

Kisha kila mmoja atamke kwa kinywa chake kwamba anamchukua mwenzake kuwa mume au mke wake halali. Ofisi huwa na maneno yake yaliyoandikwa, yatumie hayo. Mpe mmoja mmoja kwa vipande vifupi, maana sauti za watu hukauka. Akitamka kimya kimya, mwombe arudie. Sijawahi kuona aliyechukia kurudia.

Pete si sharti la sheria. Wakiwa nazo wavishane, wakizisahau kwenye gari usisubiri. Mahubiri usitoe. Nilifanya kazi na mwenzangu aliyekuwa akiwahubiria dakika arobaini juu ya uvumilivu, bibi harusi mjamzito amesimama. Neno la heri la dakika moja linatosha, kisha keti chini uandike.

Kalamu

Mwaka wangu wa pili nilimwandika mama mmoja "Aikade" badala ya Aikande. Herufi moja. Niliandika kwa kusikia, kwa kuwa nililijua jina na nilidhani mkono wangu nao unalijua. Miaka sita baadaye mumewe alifariki, na mama yule akaanza kuzunguka na makaratasi ya mirathi, kila dirisha likimuuliza Aikade ni nani. Alirudi kwangu na kiapo cha mahakama na viatu vilivyokwisha kisigino. Hakunitukana. Alisema tu, "Dada, ungeniuliza."

Tangu hapo utaratibu wangu haukubadilika. Nakili jina kutoka kwenye nyaraka, siyo kutoka kinywani. Kabla ya sahihi, geuza daftari liwaelekee wanandoa, wasome wenyewe kwa sauti, herufi kwa herufi kwa majina ya Eli- na Ndesha- na Aika-, maana hayo hufanana kama mapacha. Asiyejua kusoma asomewe na shahidi wake, siyo na wewe. Kosa likionekana kabla ya sahihi, likate kwa mstari mmoja unaosomeka, usifute, uweke sahihi yako ndogo pembeni. Halafu wanandoa watie sahihi, mashahidi wafuatie, wewe uwe wa mwisho. Ukitangulia wewe, umeshuhudia kitu ambacho bado hakijatokea.

Tumia kalamu ya wino mweusi usiopauka, na uwe na ya akiba. Mpiga picha atataka waigize kutia sahihi mara tatu. Mpe karatasi tupu ya kuigizia.

Kwa wale wanaooana baada ya kuishi pamoja

Wanandoa wengi wa bomani wana watoto darasa la tano. Wasikuonee aibu. Wengine hukuuliza kwa nini wahangaike, wakati sheria inasema mkiishi pamoja miaka miwili mmeshaoana. Waeleze kwamba kifungu cha 160 kinatoa dhana tu, na dhana inaweza kupingwa. Siku ya mirathi au ya kumwandikisha mwenza kwenye bima ya afya, mwenye cheti anatoa karatasi, mwenye dhana anatafuta majirani wa kumtolea ushahidi.

Wapo pia wa dini mbili tofauti ambao kanisa na msikiti vyote vimewaambia subiri. Boma ndilo lililobaki kwao. Usiulize nani atabadili dini, haikuhusu. Baadhi yao hurudi kanisani baadaye kubariki ndoa, na mchungaji atataka kuona cheti chako.

Wageni, hasa Arusha

Mji una watalii, watu wa mashirika na mahakama za kimataifa, kwa hiyo mgeni atakufikia. Dai pasipoti na hati kutoka nchi yake inayoonyesha hana ndoa nyingine wala kizuizi. Ikiwa kwa lugha usiyoisoma, ipate tafsiri iliyothibitishwa, usitegemee mwongoza watalii aliyejifunza Kijerumani barabarani. Siku 21 ni zile zile kwa aliyekuja safari ya siku kumi, hivyo mweleze mapema, kwa barua pepe ikiwezekana, kabla hajakata tiketi. Akitaka ndoa nje ya ofisi, kwenye bustani ya hoteli yenye Meru nyuma yake, kibali kiombwe kwanza na kiwe mkononi mwako siku hiyo. Daftari likitoka ofisini litoke na wewe, lirudi na wewe, na lisipandishwe gari la wapiga matarumbeta.

Wakishaondoka

Usiende chai. Wape cheti chao kabla hawajafika kwenye gari, kwa sababu wakishaingia ukumbini hawatarudi kukifuata mpaka wakihitaji, na watakihitaji siku mbaya. Waambie watoe nakala na halisi ikae sehemu kavu. Nakala ya Msajili Mkuu ipange siku hiyo hiyo, na uandike pembeni mwa daftari tarehe uliyoituma na nani alipeleka. Kisha toa tangazo lao ukutani, maana wiki ijayo kuna wengine watahitaji misumari ile.